Msanii wa Turkana, Usijenge Kwa Kiwanja cha Wenyewe

Wasee wa Loki, Kakuma na Lodwar, leo tuongee historia kidogo. Najua historia inaboo, lakini hii inahusu nyimbo zako.

Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha Operation Lifeline Sudan, na Lokichoggio ikawa kituo chake kikuu upande wa Kenya. Ndege za mizigo zilipaa kila siku kupeleka chakula kusini mwa Sudan. Mji mdogo ukajaa mabohari, baa na wageni wenye dola. Januari 2005 mkataba wa amani ukatiwa sahihi Nairobi, mashirika yakahamia Juba, Loki ikapoa. Si ati watu wa Loki walikuwa wavivu. Ndege hazikuwa zao, na hakuna aliyewauliza kabla ya kuondoka.

Sasa angalia muziki. Wakati Ogopa Deejays na Calif Records walikuwa wanatengeneza mastaa, studio zote mbili zilikuwa Nairobi. Msanii wa huku alihitaji nauli, na ile barabara ya Lodwar magari yalikuwa yanasindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi. Ukifika salama, bado unabembeleza mtangazaji acheze CD yako.

Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009, na pole pole simu ikageuka redio. Mwaka 2018 Ethic, vijana wa mtaa wa Umoja, waliweka Lamba Lolo YouTube na nchi nzima ikajua jina lao. Mlango ukafunguka hata kwetu. Leo msanii wa kambi ya Kakuma anarekodi asubuhi, anaposti TikTok jioni, na binamu yake Australia anasikiza kabla ya kulala. Hiyo ni kubwa, tusiidharau.

Lakini mwaka huo huo wa 2018, YouTube ilibadilisha masharti: ndio ulipwe pesa za matangazo, lazima uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Wadogo wengi wakatolewa. Vine ilikuwa imefungwa 2017. Halafu 2019 MySpace ikakiri imepoteza muziki uliowekwa kwa miaka 12, nyimbo zaidi ya milioni 50. Kuna wasanii hawakuwa na kopi nyingine.

Umeona Loki hapo? Mgeni akikuletea ndege, panda, lakini usidhani uwanja ni wako.

Kwa hivyo posti kila siku, lakini weka faili zako mahali pawili. Andikeni nani alitunga na nani alitengeneza biti, kabla pesa haijaingia na urafiki kuisha. Sajili kazi yako KECOBO. Inafanyika mtandaoni, hauhitaji basi ya Nairobi. Na chukua namba za mashabiki wako, uwaite shoo hapa Lodwar hata kama akaunti imefungwa.

Sasa niambie: simu yako ikiibiwa leo usiku, wimbo wako wa kwanza utaupata wapi?