Sanaa na Malezi ya Jamii

Mkulima wa Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, hupata maji ya mpunga wake kutoka pande za Kilimanjaro. Huko mlimani Wachagga walichimba tangu zamani mifereji iitwayo mifongo, na desturi yao ilikuwa kwamba apewaye zamu ya maji ni yule aliyetoka na jembe siku ya kuuzibua mfongo. Desturi hiyo yatusaidia kujibu swali hili: je, msanii aliyezaliwa ng'ambo aweza kuhesabiwa miongoni mwa wajenzi wa utamaduni wetu?

Tumtazame Bibi Charlotte Hill O'Neal, aitwaye Mama C, Mmarekani Mweusi wa Kansas City. Mwaka 1969, angali kijana, alijiunga na chama cha Black Panther, kilichopigania haki za Weusi na kuwapa watoto wa maskini chakula cha asubuhi bure kabla ya masomo. Mwaka 1970 mumewe, Bwana Pete O'Neal, alihukumiwa kifungo katika kesi ya bunduki, nao wakaihama nchi. Walipitia Sweden na Algeria, na mwaka 1972 wakafika Tanzania iliyokuwa ikijenga Ujamaa.

Mwaka 1991 walianzisha kituo cha jamii katika kijiji cha Imbaseni, kando ya barabara iendayo Arusha kutoka Moshi. Hapo vijana walifundishwa bila ada Kiingereza, kompyuta, muziki na uchoraji. Baadaye yakaongezwa makao ya watoto. Mama C alichora, akatunga mashairi, akaimba. Tena akajifunza nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8, ambayo kimila ilipigwa na wanaume.

Yuko atakayesema kwamba kumlisha mtoto ni kazi ya ustawi, na nyatiti ni burudani tu. Wazee wetu hawakuzitenga kazi hizo. Ngoma ya jando ilichezesha na kufunza. Wimbo wa kulima ulimtia nguvu aliyechoka. Kwa hiyo Mama C hakutuletea jambo geni, na kwa kipimo cha mfongo amekwisha kushika jembe pamoja nasi.

Yatupasa sisi walimu tusiifanye sanaa kuwa pambo la siku ya wageni. Mwanafunzi akimaliza mchoro au wimbo wake, tumwulize pia ni nani kijijini atakayefaidika nao.