Kudukua Gemu ili Mcheze Wengi: Ufundi au Kesi?

Wadau wa gemu, hii stori wengi tunaiishi bila kuijua. Mna gemu la mchezaji mmoja na masela mko wanne. Anatokea mmoja wenu, anachokonoa programu, ghafla mnaonana wote humo ndani. Je, huyo ni fundi au mhalifu?

Turudi nyuma kidogo. GTA III ilipoingia kwenye kompyuta mwaka 2002, ulikuwa unazurura mjini peke yako. Mwaka 2003 vijana fulani, wala sio waajiriwa wa kampuni, wakatoa Multi Theft Auto, na watu wakaanza kukimbizana na magari mtandaoni. Bure kabisa. Ila gemu lenyewe hawakuligawa, ilibidi uwe na nakala yako. Hapo pashike, tutaparudia.

Wenzao wa Marekani yakawakuta makubwa. Walichunguza jinsi StarCraft inavyoongea na seva za Blizzard, wakatengeneza seva yao, bnetd, ya kujitolea tu. Mwaka 2002 wakashtakiwa, na mwaka 2005 mahakama ya rufaa nayo ikawapiga chini. Kosa halikuwa kutaka kucheza na wenzao. Walikuwa wamebofya "nakubali" kwenye masharti yanayokataza kuchunguza programu. Halafu seva yao haikuweza kutofautisha nakala halali na ya wizi, kwa hiyo kufuli la kampuni likawa limepitwa.

Lakini kampuni nazo hubadilika. Mashabiki walipoiongezea Just Cause 2 uwezo wa kucheza wengi, wenye gemu walibariki, na mwaka 2013 ikawekwa wazi kwenye Steam. Waliotengeneza FiveM ya GTA V walifungiwa akaunti na Rockstar mwaka 2015. Mwaka 2023 Rockstar hao hao wakaichukua timu nzima. Jana wakorofi, leo wafanyakazi wenzetu!

Sasa njoo Bongo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu: kuinakili au kuibadilisha ni haki ya mwenyewe. Ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Hiyo inasema kutumia kompyuta kuvunja hakimiliki ni kosa hata kama hujaingiza senti. Ukifanya biashara, adhabu inapanda.

Mchukulie dogo wa Mwamgongo, kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe. Anawasha hotspoti ya simu, masela wanaunganisha, usiku unaisha wakicheza. Hakuna bosi wa kampuni atakayepanda boti Kibirizi kumfuata. Ila kutokamatwa sio sawa na kuwa halali. Na dogo mwenye kipaji hicho hatakaa na masela wanne milele. Siku moja atataka dunia ione kazi yake, au atatafuta ajira kwa hao hao wenye gemu.

Siku hiyo yataulizwa mambo matatu. Umegawa cha nani? Umevunja kufuli gani? Nani alikuruhusu? Akitoa kipande alichoandika mwenyewe, kila mtu akakiweka kwenye nakala aliyonunua, yuko upande wa vijana wa 2003. Bado asome masharti, na kuomba ruhusa kwa barua pepe hakumgharimu kitu. Akijaza gemu zima kwenye flashi na kuuza buku buku, hata awe fundi kiasi gani, anauza mali ya mtu.

Binafsi naona sheria zingempa dogo kama huyu nafasi ya kujifunza kwa kufungua vitu, maana mafundi wengi wa mtaani wameanzia hapo. Hadi hapo, fungua kwa akili.

Wewe unasemaje, dogo ana hatia au apewe kazi?