Wino Maalumu

Wino maalumu ni wino wa kuchapia uliochanganywa ukawa rangi moja kamili kabla haujatiwa kwenye mashine. Mchapaji akitaka rangi ya chungwa, huchanganya wino wa chungwa kwa vipimo, huutia kwenye roli zake, na pleti moja tu (bamba la kuchapia) huupeleka hadi kwenye karatasi. Kinyume chake ni uchapaji wa wino nne. Humo mashinini hakuna chungwa popote. Kuna samawati, majenta, njano na nyeusi, na chungwa hupatikana juu ya karatasi pale njano na majenta zinapokutana. Mbuni wa nembo asiyeijua tofauti hii hubuni kwa kubahatisha, hata awe na jicho zuri kiasi gani.

Kioo cha kukuzia hulionyesha jambo hili waziwazi. Nembo ya chungwa iliyochapwa gazetini kwa wino nne, ikitazamwa kwa kioo kinachokuza mara 10, ni njano iliyotanda kote na juu yake nukta za majenta zilizopangwa kwa mistari ya mshazari. Kingo za herufi zimenyooka upande wa njano, lakini upande wa majenta zimekatikakatika, kwa sababu nukta haziwezi kufuata ukingo mpaka mwisho. Karatasi ya gazeti kwa kawaida huchapwa kwa mistari 85 hadi 100 ya nukta katika kila inchi, yaani nukta moja kwa karibu kila robo milimita. Mguu wa herufi ndogo wenye upana huohuo hupata nukta moja tu, au huikosa kabisa. Isitoshe, karatasi ya gazeti hufyonza wino, na kila nukta hunenepa kuliko ilivyokuwa kwenye pleti.

Hilo ni wakati mashine imetulia. Kila wino una pleti yake, na karatasi hupokea wino hizo moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa. Majenta ikisogea sehemu mbili tu za kumi za milimita, herufi huota utepe wa njano upande mmoja na wekundu upande wa pili. Kwenye picha ya mandhari hakuna atakayeona. Kwenye jina la kampuni lililoandikwa kwa herufi nyembamba, kila msomaji ataona. Nembo ileile ikichapwa kwa wino maalumu haina nukta wala utepe: ni rangi tupu yenye kingo safi, kwa kuwa pleti ni moja na haina mwenzake wa kupishana naye.

Kwa Kiingereza istilahi hii ni spot color. Kuitafsiri neno kwa neno kungeleta rangi ya doa, na doa kwa Mswahili ni uchafu ulioingia kwenye nguo. Tafsiri hiyo ingepotosha pia, kwani huu ndio uchapaji usio na nukta wala madoa. Rangi maalumu ni afadhali, ila bado haijafika. Neno rangi hubeba mengi: kinachoonekana kwa jicho, kinachopakwa ukutani, kinachotiwa kwenye kitambaa. Nembo mbili zinaweza kuonekana zina rangi moja, moja ikiwa imechapwa kwa wino nne na nyingine kwa wino mmoja. Kinachozitenganisha ni wino, si rangi. Ndiyo maana wino maalumu inafaa zaidi, na mkabala wake, wino nne, hujieleza wenyewe. Mafundi wanaochapa fulana kwa skrini wanaijua kazi hii hata bila istilahi: kila rangi ina skrini yake, na nembo ya rangi tatu hudai skrini tatu.

Ili wino maalumu uwe uleule Mombasa na Muscat, lazima uwe na kipimo kinachojulikana. Mwaka 1963 kampuni ya Pantone ya Marekani, chini ya Lawrence Herbert, ilitoa kitabu cha vipande vya rangi, kila kipande kikiwa na namba na vipimo vya kukichanganya kutokana na wino chache za msingi. Herufi inayofuata namba hutaja karatasi: C ni ya karatasi inayong'aa, U ni ya karatasi isiyong'aa. Wino ni mmoja katika hali zote mbili, lakini kwenye karatasi isiyong'aa huzama na kufifia, na mteja asiyelijua hilo humlaumu mchapaji bure.

Ziko rangi ambazo wino nne hazizifikii. Chungwa kali, kijani king'avu, dhahabu na fedha hupoteza uhai wake zikibadilishwa ziwe za wino nne. Buluu ni mtego mkubwa zaidi: samawati na majenta zikitiwa zote kwa asilimia 100, kinachotoka huelekea zambarau. Dawa yake ni kupunguza majenta hadi asilimia 70 au chini ya hapo. Kioo cha kompyuta hakimwonyi mbuni, kwa sababu chenyewe hutoa rangi kwa mwanga.

Gharama nayo ina sauti. Barua na bahasha zenye nembo ya wino mmoja au mbili huchapwa kwa pleti moja au mbili, badala ya nne. Kwenye jarida lenye picha hali hugeuka: wino nne zimo tayari, na wino maalumu unakuwa wa tano, wenye pleti yake na malipo yake. Kwa hiyo nembo nzuri huandaliwa kwa namna zote mbili, na kabla ya zote huandaliwa kwa nyeusi peke yake. Shirika la uhifadhi la WWF lilipoanzishwa mwaka 1961, panda wa nembo yake, aliyechorwa na Peter Scott kutokana na michoro ya Gerald Watterson, alipendwa pia kwa sababu weusi na weupe wake ungepunguza gharama za uchapaji. Nembo hiyo imerekebishwa baadaye, lakini rangi haikuongezwa, na hadi leo huchapika vizuri hata kwenye karatasi mbovu.

Anayepeleka nembo kwa mchapaji na aandike namba ya kila wino, aina ya karatasi, na asilimia za wino nne zitakazotumika pale wino maalumu usipopatikana. Asipoandika, mchapaji atajiamulia mwenyewe.