Ufaulu wa mitihani ya kitaaluma
Ufaulu wa mitihani ya kitaaluma ni sehemu ya watahiniwa wanaofikia alama inayompa mtu ruhusa ya kuwa wakili, mhasibu, daktari au mwanataaluma mwingine. Hutajwa kwa asilimia, na umma huichukulia asilimia hiyo kuwa ndicho kipimo cha ugumu. Ni kipimo kisichoaminika sana, kwa sababu hubeba mambo matatu kwa mkupuo: ugumu wa maswali, maandalizi ya waliofanya mtihani, na alama waliyotakiwa kuifikia.

Tanzania ililionja suala hili Oktoba 2022. Katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita Law School, ilitangazwa kwamba wanafunzi 633 walifanya mtihani na 26 tu wakafaulu. Hiyo ni kama asilimia 4, na mjadala ukawaka bungeni, magazetini na mitandaoni. Taasisi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na mhitimu wa shahada ya sheria anayetaka uwakili hana budi kupita hapo. Kelele ziligawanyika pande mbili: wapo waliodai walimu wanakomoa, na wapo waliovinyooshea kidole vyuo vikuu. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, mwanasheria na waziri wa zamani, kuchunguza kiini cha tatizo.

Katika kelele hizo, takwimu moja haikupewa uzito wake. Wanafunzi 342, yaani zaidi ya nusu, hawakuwa wamedisko (kuondolewa masomoni kwa kufeli). Walikuwa na masomo ya kurudia, au sapu kama wanavyosema wenyewe. Waliofeli moja kwa moja walikuwa 265. Kwa hiyo ile asilimia 4 ilihesabu waliofaulu masomo yote kwa mara moja. Matokeo yalikuwa mabaya kwa vyovyote vile, ila swali la nani amehesabiwa lilipaswa kuulizwa kabla ya swali la nani alaumiwe.

Japani inaonyesha jinsi mlango wa kuingilia unavyoweza kubadilisha takwimu. Mtihani wake wa zamani wa uanasheria haukumtaka mtahiniwa awe na shahada ya sheria. Makumi ya maelfu walijaribu, wengine mwaka baada ya mwaka, na kwa miongo mingi waliofaulu walikuwa asilimia 2 au 3 hivi. Mwaka 2004 zikafunguliwa shule za sheria za ngazi ya juu, na mtihani mpya ulipofanyika mara ya kwanza mwaka 2006, ufaulu ulikuwa kama asilimia 48. Sehemu kubwa ya mchujo ilikuwa imehamia kwenye udahili wa shule hizo. Madaktari wa Marekani nao hufaulu mitihani ya leseni kwa wingi mkubwa, kwani wasioweza huwa wameshaachwa kwenye milango ya vyuo vya udaktari.

Kuhusu alama ya kufaulu, bodi nyingine huweka 50 kwa 100 na kuishikilia. Utaratibu huu ni rahisi kueleweka, lakini maswali yakiwa magumu zaidi mwaka mmoja, watahiniwa wa mwaka huo ndio wanaoumia. Njia inayotumiwa sana kukwepa dosari hiyo inaitwa kwa jina la William Angoff, mtaalamu wa upimaji wa Marekani aliyeieleza mwaka 1971. Jopo la wataalamu hupitia swali moja moja na kukadiria uwezekano wa kulipata kwa mtu mwenye umahiri wa kutosha tu, asiyezidi hapo. Makadirio hayo hujumlishwa, na alama ya kufaulu hutoka humo. Karatasi ikiwa ngumu, alama hushuka.

Hata hivyo, njia ya Angoff haizuii ufaulu kuporomoka. Mtihani wa wachambuzi wa uwekezaji wa CFA, ambao siku hizi nao huitumia, ulipoanza mwaka 1963, ulifanywa na watu 284, wengi wao wakongwe wa kazi, na zaidi ya asilimia 90 walifaulu. Julai 2021, ufaulu wa ngazi yake ya kwanza ulishuka hadi asilimia 22. Waandaaji walieleza kuwa watahiniwa wengi walikuwa wameahirishiwa mtihani kwa sababu ya janga la korona, na maandalizi yao yakavurugika.