Mtu Aliyemzaa Willy Gamba

Sehemu ya Kwanza

"Hicho hakiuzwi, mwanangu."

Mzee alisema hivyo bila hata kuinua macho. Kitabu kilikuwa tayari mkononi mwangu, na noti ya elfu tano ilikuwa imeshaanza kuniwasha mfukoni.

Jumamosi asubuhi, karibu na Soko Kuu la Arusha. Mlima Meru umejivika wingu kichwani, kile kibaridi unachokijua kinapenya hadi kwenye mifupa, na vitabu vya mitumba vimetandazwa juu ya turubai. Vya shule. Vya dini. Vya hesabu za darasa la saba. Na katikati yao kimoja hakina jalada, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai ya maziwa.

*Kufa na Kupona*.

Umeshtuka? Kama umri wako unaruhusu, najua umeshtuka. Kama hauruhusu, sogea karibu nikunong'oneze.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 1974. Aliyekiandika ni Elvis Musiba. Aliyemo ndani ni Willy Gamba, shushushu anayependeza akivaa na anayetisha akikasirika. Ukianza kumfuata usiku, utashtukia jogoo anawika.

"Shikamoo, mzee," nikaanza upya, maana kwa pupa ya kitabu nilikuwa nimeruka salamu.

"Marahaba."

"Hakiuzwi, sawa. Sasa kiko sokoni kinafanya nini?"

Akatabasamu. "Kinamsubiri mtu."

Mtu gani? Tulia. Tutafika.

Kwanza nikuulize wewe: mwandishi wa hadithi za kijasusi anazitoa wapi siri zake? Ian Fleming, aliyemuumba James Bond, alifanya kazi kwenye ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza. John le Carré alikuwa jasusi hasa kabla hajawa mwandishi mashuhuri. Hao tunawaelewa, waliandika walichokigusa.

Na Musiba je?

Musiba alikuwa mtu wa biashara. Huyo huyo aliyemrusha Willy Gamba kwenye risasi ndiye baadaye aliyekuja kuongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo ya Tanzania. Enzi hizo alikuwa akizungumzia kodi na masoko ya wakulima, na kwenye rafu ya vitabu nyumbani kwako jina lake lilikuwa limekaa juu ya maiti na bastola.

Alijuaje?

Nilimtupia mzee swali hilo. Hakulijibu. Akaninyang'anya kitabu taratibu, akakifunga, akaanza kunihoji kama mwalimu wa zamani.

"Humu ndani kumeibwa nini?"

"Nyaraka za siri za wapigania uhuru."

"Zimeibwa wapi?"

"Dar es Salaam. Willy anatumwa Nairobi kuzifuata."

"Kwa nini Dar? Kwa nini si Kampala, si Nairobi kwenyewe?"

Nikanyamaza. Wewe ungejibu nini?

Hapa lazima turudi nyuma kidogo, vumilia. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, na makao yake yakawekwa Dar es Salaam. Msumbiji bado ilikuwa mikononi mwa Wareno. Angola vilevile. Afrika Kusini, Rhodesia na Namibia zilikuwa chini ya wachache wenye bunduki. Vyama vya ukombozi vikafungua ofisi Dar, na adui zao nao wakatega masikio.

Fikiria droo moja ya ofisi mle. Ndani yake kuna majina, njia za msituni, tarehe za kupokea silaha. Karatasi moja ikivuja, kuna kijana porini ambaye mama yake hatamwona tena.

Ndiyo maana mimi siwezi kumweka Willy Gamba kapu moja na Bond. Bond analinda ufalme wenye karne nyingi. Willy anawalinda watu ambao nchi yao haijapata hata bendera. Kitabu kinatoka 1974, na Msumbiji inapata uhuru mwaka unaofuata! Msomaji wa wakati ule alikuwa anafungua redio, anasikia vita, anafungua kitabu, anaikuta vita ile ile.

Na Arusha yetu imo. Kilichapishwa na nani kitabu hiki? East African Literature Bureau, shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makao makuu ya Jumuiya yalikuwa hapa hapa. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa, mpaka wa Namanga ukafungwa hadi 1983. Mtu wa Arusha aliyezoea kwenda Nairobi na kurudi akabaki na njia moja tu ya kuvuka: kufungua ukurasa na kupanda gari na Willy Gamba.

Mzee akakipima kitabu kiganjani, kama muuza nyama anayekisia kilo.

"Mwanangu, umeshawahi kuona kitabu kinachoua?"

Nilidhani ni mafumbo. Nikacheka.

Yeye hakucheka.

"Februari tatu, 1969," akasema. "Miaka mitano kabla ya hiki. Nilikuwa kijana, niko Dar."

Tarehe hiyo naijua. Nikahisi kibaridi kingine, kisichotoka Meru.

Asubuhi ile Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, alichukua barua zake ofisini, akaenda nazo Oyster Bay, nyumbani kwa rafiki, kando ya bahari, mahali penye utulivu wa kufanyia kazi. Mtu msomi, profesa, mpenda vitabu. Akaketi. Akapekua barua moja moja.

Miongoni mwake kulikuwa na kifurushi.

Ukikibonyeza kwa vidole unajua mara moja ni nini. Kitabu! Nani asiyefurahi kutumiwa kitabu?

Mondlane akakivuta karibu. Akaanza kuichana karatasi ya juu...

Mzee akanyamaza. Akainama, akakifunua *Kufa na Kupona* kwenye ukurasa wa mwisho, akanigeuzia. Pembeni, kwa kalamu ya wino wa buluu uliofifia, kulikuwa na mstari mmoja wa mwandiko wa mkono.

Nikausoma. Nikausoma tena.

"Sasa umejua kinamsubiri nani?" akaniuliza.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*