Ruanda ya Angani: Historia ya Jina la Asteroidi

Kila mwanafunzi wetu anajua kwamba nchi hii ni ya milima elfu. Ni wachache wanaojua kwamba ina pia jiwe lake angani. Katika mkanda mkuu wa asteroidi, baina ya Mirihi na Mshtarii, asteroidi namba 1638 inaitwa Ruanda. Iligunduliwa tarehe 3 Mei 1935 na Cyril Jackson, mwanafalaki mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Johannesburg, Afrika Kusini.

Kabla ya kupewa jina iliitwa 1935 JF. Alama hizi zina sarufi yake. Kila nusu ya mwezi hupewa herufi, A ikiwa ya nusu ya kwanza ya Januari, na herufi I huachwa. Ukihesabu hivyo, J ni nusu ya kwanza ya Mei. Herufi ya pili huonyesha zamu ya ugunduzi katika nusu hiyo, na F ni ya sita.

Jackson alipenda majina ya Afrika. Usiku uleule wa Mei alipata nyingine, ambayo leo ni 1356 Nyanza. Miaka miwili kabla, tarehe 15 Juni 1933, alikuwa amepata Kenya na Uganda kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1937 zikafuata Ruvuma na Mombasa.

Mawe yenyewe ni ya kale kuliko jina lolote. Jua na sayari zake zilipoumbika, yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita, vipande vya eneo lile havikuwahi kuungana vikawa sayari. Mvuto wa Mshtarii uliviyumbisha, vikawa vinagongana na kuvunjana badala ya kushikana. Wengine hudhani mkanda huo ni mabaki ya sayari iliyopasuka. Sivyo: ukikusanya asteroidi zote za mkanda huo hazifikii hata sehemu moja ya ishirini ya uzito wa Mwezi. Vipande vingine hufika kwetu kama vimondo. Kile cha Mbozi, Tanzania, ni cha chuma, na vimondo vya chuma kwa kawaida hutokana na viini vya asteroidi zilizovunjika.

Tuliowahi kusimama Rubona usiku, wavuvi wa sambaza wakiwa wamewasha taa zao Ziwa Kivu hata usijue ziwa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, tungependa kuiona Ruanda hiyo. Haionekani kwa macho matupu, lazima darubini.

Linalotuhusu sisi walimu wa lugha ni tahajia. Mwaka 1935 nchi ilikuwa sehemu ya Ruanda-Urundi, chini ya Ubelgiji kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Wajerumani waliotangulia, ambao waliweka kituo chao Kigali mwaka 1907 na kutumia Kiswahili katika utawala wao, nao waliandika Ruanda. Wazungu hao waliandika irabu mbili pale ambapo mwenyeji hutamka kiyeyusho. Wanafunzi wetu wa fonolojia wanaijua kanuni hiyo: mu- na -ana huwa mwana, si muana. Vivyo hivyo ru- na -anda huwa rwanda, na wengi hulihusisha jina hilo na kitenzi cha Kinyarwanda kwanda, yaani kuenea.

Nchi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na leo jina lake rasmi huandikwa Rwanda. Asteroidi haikubadilika, kwani jina likishaingizwa katika orodha ya wanafalaki kwa kawaida halirekebishwi. Kuna wanaoona hiyo ni dharau na kutaka herufi isahihishwe. Sisi tungeiacha. Ruanda ile ya u ni hati ya jinsi tulivyosikiwa na masikio ya wengine, na hati haifutwi kwa kuwa ina makosa ya tahajia. Ila mwanafunzi atakayeiandika hivyo katika insha ya Kiswahili, tutamkata alama.