Isiolo na Safari ya Mwogeleaji wa Maji ya Wazi

Maji ya kuogelea Isiolo yalichimbwa na bomu. Ndivyo inavyosimuliwa habari ya kidimbwi cha hifadhi ya Buffalo Springs: wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege ya Waitaliano kutoka Uhabeshi iliangusha bomu kwenye chemchemi. Wapo wanaosema rubani aliona nyati akadhani ni askari. Shimo likajaa maji, wanajeshi wa Uingereza wakalijengea ukuta wa mawe, na hadi leo wageni wa hifadhi hujitosa humo jua linapowaka. Maji yake ni maangavu, lakini kidimbwi ni kidogo: ukipiga mikono mara chache tu, umeshagusa ukuta wa pili.

Ukitaka maji marefu kuliko hayo, mpaka wa kaskazini wa hifadhi ni Ewaso Ng'iro. Mto huo una mamba, na miaka ya ukame hukauka ukabaki mchanga. Kwa hiyo mchezo wa kuogelea maji ya wazi, ambao bingwa wake hukata kilomita 10 ziwani, mtoni au baharini bila kusimama, Isiolo ni vigumu kuuona.

Na Kenya yenyewe, katika kuogelea, imejulikana bwawani. Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 za kipepeo katika mchujo wa Beijing 2008, sekunde 51.14. Haikudumu: katika kundi lililofuata, Mserbia Milorad Čavić aliivunja. Dunford alimaliza wa tano fainali, na miaka miwili baadaye huko Delhi akaipa Kenya dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika mita 50 za kipepeo. Hapo ni mbio za kufumba na kufumbua. Maji ya wazi yanataka mtu wa aina nyingine.

Afrika imempata mtu huyo Tunisia. Oussama Mellouli, aliyezaliwa 1984, aliondoka kwao akiwa kijana wa miaka 15 kwenda kufanya mazoezi Ufaransa, kisha akavuka hadi Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Mwishoni mwa 2006 alipatikana na dawa iliyopigwa marufuku. Alieleza kwamba alimeza kidonge ili akeshe akimaliza kazi ya chuo. Mahakama ya michezo ilimfungia miezi 18 na medali zake za ubingwa wa dunia wa 2007 zikachukuliwa. Maelezo hayo yana ukweli wa ujana, lakini sheria ni msumeno. Alirudi mashindanoni Beijing 2008, akashinda mita 1,500 mbele ya Mwaustralia Grant Hackett, na kuwa mwanamume wa kwanza kutoka Afrika kutwaa dhahabu ya Olimpiki peke yake katika kuogelea.

Wengi wangetosheka. Yeye akatoka bwawani. Agosti 2012, jijini London, alipata shaba ya mita 1,500, na siku sita baadaye akaingia ziwa la Serpentine, bustani ya Hyde Park, kuogelea mizunguko sita, kilomita 10 kwa jumla. Humo hakuna mstari wa rangi chini wa kukuongoza. Unainua kichwa kutafuta boya, huku wenzako wakikupiga viwiko na mateke. Kinywaji unakipokea kwenye kikombe kilichofungwa ncha ya fito ndefu anayoshika kocha jukwaani, unameza ukiwa chali na kuendelea. Mellouli alimaliza kwa saa 1, dakika 49 na sekunde 55.1, akimwacha Mjerumani Thomas Lurz kwa sekunde 3.4. Hakuna aliyewahi kabla yake kushinda dhahabu za Olimpiki bwawani na maji ya wazi. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa dunia wa kilomita 5 huko Barcelona.

Jambo la kushika ni kwamba safari yake ilianzia bwawani, kwenye mita 1,500. Njia ya Isiolo, ikifunguka, haitapita Ewaso Ng'iro. Itapita kwenye bwawa. Na hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Bwawa la mita 25 kwa 12.5, lenye kina cha mita 1.5, linameza lita zipatazo 469,000. Ngamia mwenye kiu anaweza kunywa lita 100 kwa mkupuo, kwa hiyo hayo ni maji ya ngamia zaidi ya 4,600. Mhandisi atakayeleta mchoro wa bwawa aanze kwanza kwa wazee wa dedha, ambao kwa Waborana ndio wanaoamua nani anywe wapi na lini, na aende na jibu la maji yatatoka wapi.